Na Wapagazi, Je, Si Wafu Wetu?



Mwaka jana, katika siku za kuwakumbuka marehemu wote, palitokea neno katika parokia yetu ambalo hatuwezi kulimeza na kunyamaza. Kabla ya tarehe 2 ya mwezi wa Novemba tuliweka daftari mlangoni pa kanisa, ili kila mtu aandikishe majina ya wafu wake. Kamati ilikuwa imepatana kwamba Misa moja kati ya tatu za siku ile itolewe kwa ajili ya askari waliokufa vitani, maana nyumba nyingi zimepata msiba wa namna hiyo katika miaka hii. Akaja mzee mmoja na fimbo yake. Akamwomba kijana aliyekaa mezani amwandikie babu yake mzaa baba, mpagazi, aliyekwenda na askari wa Bulamatari upande wa Tabora, asirudi tena. Kijana akaweka kalamu chini. "Mzee, hapa tunaandika askari. Mpagazi si askari. Tena vita ile ilikuwa ya Wazungu." Mzee hakujibu neno. Aligeuka, akaenda zake.

Kijana yule si mtu mbaya. Ana bidii, anaimba vizuri, na watoto wa mtaa wake wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza wamo mikononi mwake. Hatuandiki ili kumwaibisha. Lakini maneno yake tumeyasikia mara nyingi, hata katika vinywa vya makatekista wenzetu na vya watu waliosoma seminarini kama sisi. Wanasema mpagazi si askari. Wanasema hao walikufa kwa ugomvi wa wengine. Na wakikwama hapo hutoa neno la mwisho: wengi wao walikuwa wapagani waliojaa hirizi, Eklezya ina habari gani nao? Tutawajibu, tena kwa ukali kidogo, kwani mzee yule aliondoka bila kuandikiwa mtu wake.

Kwanza tuwakumbushe mambo yenyewe, kwa sababu vijana wetu wanajua habari za Verdun kuliko habari za Tabora. Vita ya 1914 ilitufikia kwa njia ya maji. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilivuka ziwa Tanganyika, ikaipiga kwa mizinga meli Alexandre Delcommune pale Lukuga, karibu na mji uitwao leo Kalemie. Mwaka wa 1916 Jenerali Tombeur alipeleka majeshi ya Kongo ng'ambo. Yaliingia Kigali tarehe 6 Mei, yakashuka kusini, yakapigana vikali pale Itaga, na tarehe 19 Septemba yakauteka mji wa Tabora. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, yalifika Mahenge, mbali sana kusini. Vitabu vinaonyesha safari hizo kwa mishale mizuri juu ya ramani. Lakini mshale wa ramani haubebi kitu.

Nani alibeba? Barabara za magari hazikuwapo. Ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Kila sanduku la risasi, kila gunia la mchele, kila kitanda cha afisa na kila kipande cha mzinga kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Tombeur alikuwa na askari zaidi kidogo ya 10,000. Wapagazi wa Kongo walioandikwa katika vita ile yote, kwa hesabu ya Wabeleji wenyewe, walikuwa 260,000 hivi. Tazameni namba hizo mbili, halafu mtuambie jeshi lilikuwa nani.

Nao walikufa kuliko askari. Risasi haikuwa adui wao mkubwa. Mtu wa nchi za chini, aliyezoea joto, ndizi na muhogo, alipandishwa milima ya baridi ya Kivu na Rwanda akiwa na kitambaa kimoja kiunoni. Alipewa unga ambao tumbo lake halikuuzoea, na siku nyingine hakupewa kitu. Tumbo la kuhara damu lilimshika, au kifua. Akianguka, mzigo ulipewa mwingine, kwani mzigo ulikuwa na namba na afisa aliuulizia jioni. Mtu mwenyewe alibaki kando ya njia. Nyuma yake walikuwapo wanawake wa askari, waliofuata misafara, wakapika na kuuguza, nao tusiwasahau ingawa hakuna daftari lolote lililowahesabu sawasawa.

Anayesema mpagazi si askari anasema kweli ya makaratasi. Askari alikuwa na bunduki, kofia na mshahara unaojulikana. Lakini bunduki isiyo na risasi ni fimbo mbaya, na risasi zilitembea kwa miguu ya mpagazi. Jirani zetu wa Dar es Salaam wana mtaa uitwao Kariakoo. Jina hilo limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ile ile. Watu wananunua nyanya na vitenge pale kila siku juu ya jina la wafu, na sijui wangapi wanawaza habari hiyo. Katika mji huo huo imesimama tangu 1927 sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi walifanya vizuri zaidi: katika sanamu tatu za huko, moja ni ya mpagazi.

Mwaka wa 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri mbele ya watu wote kosa la miaka mia moja. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Hao ni watu wa serikali, hawakuzungumza juu ya purgatori wala juu ya ufufuko. Sisi tunaokiri kila Dominika kwamba wafu watafufuka, tungali tunabishana mezani kama mpagazi ni mtu wa kuandikwa!

Tuje kwa neno la pili. Ndiyo, ilikuwa vita ya Wazungu. Hatutaki kulificha. Sababu yake ilizaliwa Ulaya, na hakuna mzee wa kwetu aliyeulizwa shauri. Wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu: chifu alipewa idadi, naye akatoa watu, na waliotolewa kwanza walikuwa wale wasio na mtetezi. Wala hatusahau mambo ya nyuma zaidi, yaani askari wa siku za Mfalme Leopold, vijiji vilivyochomwa, mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira. Anayetaka kuimba kwamba Force Publique lilikuwa jeshi la watakatifu, asitutafute sisi kuitikia wimbo wake.

Lakini angalieni hoja hiyo inatupeleka wapi. Mtu alichukuliwa kwa nguvu, akafia mbali, hakuna aliyemfumba macho. Leo wajukuu wake, wenye uhuru na shule, wanamwambia: kwa kuwa ulilazimishwa, hatukukumbuki. Bulamatari alimnyang'anya mwili, na sisi tunamnyang'anya sala. Je, tumemlipiza Bulamatari kisasi kwa njia hiyo? Tumemmalizia kazi yake.

Na ninyi mnaosema kwamba aliyelazimishwa hana heshima, mnafanya nini kila Ijumaa ya Kwaresima mnapofika kituo cha tano cha Njia ya Msalaba? Mnapiga magoti. Nani yuko pale? Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika ya kaskazini, aliyekuwa akitoka shamba, akakamatwa na askari wa Roma na kutwikwa mzigo usio wake. Hakujitolea. Hakuulizwa. Alikuwa mpagazi wa kulazimishwa. Na Mwinjili Marko hakumwacha bila jina. Alitaja hata wanawe wawili, Aleksanda na Rufo, kana kwamba wakristu wa kwanza waliwajua na kuwaamkia njiani. Hatusemi sanduku la risasi lilikuwa msalaba wa Bwana. Twasema hivi tu: Eklezya imezoea tangu mwanzo kulitunza jina la mtu aliyetwikwa mzigo na wakubwa.

Tena, nani kati yetu ajuaye moyo wa mtu anayekufa? Katika njia ya Itaga, au katika mvua za Mahenge, mtu anaweza kumpa mwenzake maji yake ya mwisho. Anaweza kusamehe. Anaweza kumwita Mungu kwa jina alilofundishwa na mama yake. Kitu alichonyang'anywa na wanadamu, saa ile anaweza kukitoa mwenyewe kwa Mungu kikawa sadaka. Hatukuwapo. Kwa hiyo tusiandike kwamba hakutoa kitu.

Sasa neno la hirizi. Wengine wanaliona ni zito, na kwa kweli hata leo tunawazika vijana waliokwenda vitani wakiamini maji na dawa kuliko sala. Lakini Biblia imekwisha kulijibu, na ni ajabu kwamba makatekista wanalisahau. Someni Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo alikwenda na watu wake kuwachukua wenzao waliouawa vitani, ili kuwazika katika makaburi ya baba zao. Walipowainua waliona nini? Chini ya nguo ya kila mmoja, vitu vya sanamu za Yamnia, vilivyokatazwa na Sheria. Hirizi! Askari wa jeshi la Mungu walikuwa wamezivaa mwilini.

Yuda alifanya nini? Hakuwaambia watu kwamba wale walikuwa mashujaa, kwa hiyo wasitajiwe dhambi zao. Hakusema pia waachwe wawe chakula cha ndege. Watu wote waliona kosa, waliliita kosa, wakamwomba Mungu alifute kabisa. Kisha akapitisha mchango, mtu kwa mtu, kati ya wale waliobaki wazima, zikapatikana drakma 2,000 hivi za fedha, akazipeleka Yeruzalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi za wale waliokufa. (Katika parokia yetu kapu likipita, wanaotazama dari ni wengi. Askari wa Yuda walikuwa wametoka vitani, wamechoka, na walitoa.) Kitabu kinamsifu, kwani alifikiri juu ya ufufuko. Ndugu zetu Waprotestanti hawana kitabu hicho katika Biblia yao, na leo hatugombani nao. Lakini Mkatoliki anayekisoma kisha akamfungia mlango mfu kwa sababu ya hirizi, anasoma kwa macho tu.

Kuhusu wapagani, jibu ni fupi. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983, kanuni ya 901, inampa padri ruhusa ya kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Haisemi aliyebatizwa tu. Basi daftari letu lisiwe na mlango mwembamba kuliko sheria yenyewe.

Hapa tunageuka upande wa pili, maana wako wanaokosa kwa kusifu. Siku hizi, askari akizikwa, msemaji wa kwanza humwita martiri, wa pili humweka mbinguni, wa tatu huomba bia. Baada ya siku arobaini, ukiuliza nani ameomba Misa kwa ajili yake, hakuna. Na kwa nini waombe? Mtu aliyetangazwa mtakatifu asubuhi ya maziko hana haja ya sala jioni! Hivyo sifa kubwa imekuwa njia ya kumtupa.

Swali hili liliulizwa zamani. Wakati wa Noeli ya mwaka 1914, nchi ya Ubeleji ikiwa mikononi mwa Wadachi, Kardinali Mercier wa Malines aliwaandikia wakristu wake barua iliyojulikana dunia nzima. Je, askari anayekufa kwa ajili ya nchi yake ni martiri? Alijibu kwamba kwa maana halisi ya wateolojia sivyo, kwani anakufa silaha mkononi. Lakini aliamini bila shaka kwamba mtu anayetoa maisha yake kwa ajili ya haki, na kukipokea kifo hicho kikristu, Kristu humvika taji. Kardinali Billot huko Roma aliona kwamba mwenzake amesema mengi mno. Sisi wadogo hatuamui kati ya makardinali. Lakini tazameni kwamba hata Mercier, aliyewapenda askari wake mpaka akasemwa, hakuthubutu kuwaita mamartiri.

Wamartiri wetu tunawajua. Mwenye heri Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na mkubwa wa waasi wenye silaha, akamsamehe huku anakufa. Mwenye heri Floribert Bwana Chui aliuawa Goma mwaka wa 2007 kwa kuwa alikataa kupitisha chakula kibovu ambacho kingewadhuru maskini, na Eklezya ilimtangaza mwenye heri mwezi wa Juni 2025. Hao hawakushika bunduki. Askari ana heshima nyingine. Mtaguso wa Vatikano wa pili ulisema mwaka 1965 kwamba askari akitimiza kazi yake vizuri anatumikia usalama na uhuru wa watu. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza kunyang'anya watu na akawaambia watosheke na mshahara wao. (Wasomaji wanaokaa karibu na vizuizi vya barabarani wamekwisha kuelewa.) Na maneno tunayosema sote kabla ya kupokea Komunyo, kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, yalitoka kwanza katika kinywa cha mkubwa wa askari wa Roma. Basi tumheshimu askari kama mtu huyo, anayejua kwamba hastahili na anayengoja neno la Bwana.

Sasa wafu wa leo. Tangu mwezi wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma na kisha Bukavu, hakuna parokia ya mashariki isiyo na mama anayengoja habari ya mwanawe. Wengine walizikwa haraka, wengi katika shimo moja, bila jina juu yao. Mnaona? Mambo ya mwaka 1916 yamerudi katika nyumba zetu wenyewe. Mama wa leo akiambiwa baada ya miaka mia kwamba mwanawe haandikwi, atasema nini?

Wala si wetu peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017, pale Semuliki katika nchi ya Beni, askari wa Tanzania zaidi ya 10 waliuawa usiku mmoja. Walikuja na bendera ya Umoja wa Mataifa kuwalinda watu wetu. Babu zetu walikufa katika nchi yao, na watoto wao wamekufa katika nchi yetu, tena wote wanaomba Mungu kwa lugha hii moja. Hilo ni deni. Misa kwa ajili yao katika parokia za Beni na Butembo haingekuwa zawadi, ingekuwa malipo.

Na adui? Tunajua kwamba hapa wengine watafunga gazeti. Hatumwambii mama aliyefiwa aandike jina la aliyemwulia mtoto. Lakini asisahau kwa nini tarehe 2 Novemba padri anatoa Misa tatu. Papa Benedikto wa 15 ndiye aliyewapa mapadri wote ruhusa hiyo, tarehe 10 Agosti 1915, wakati vita ilipokuwa inajaza makaburi. Misa moja ni kwa nia ambayo padri ameombwa au anayoitaka, nyingine kwa marehemu wote waamini, nyingine kwa nia ya Papa. Ile ya marehemu wote haiulizi mtu alivaa nguo ya jeshi gani. Wadachi walikuwamo, na Wabeleji, na askari Wanyamwezi waliobatizwa, waliopigana na watu wetu. Kwa hiyo vita ile ile iliyommeza babu wa mzee yule ndiyo iliyotuletea Misa tatu, na katika siku hiyo hiyo mjukuu wake alifukuzwa mezani!

Neno moja la wajane, kisha tunaweka kalamu. Waliohai wa nyumba ya askari wanaona njaa wakati maua yangali juu ya kaburi. Mjane anaambiwa atoke katika nyumba ya kambi. Anazunguka na karatasi za marehemu kutoka ofisi hadi ofisi, na kila mahali anaambiwa arudi kesho. Hatuna uwezo juu ya ofisi. Lakini mchango wa Yuda Makabayo tunaweza kuuiga: fedha za bia ya matanga zigawanywe, nusu kwa Misa, nusu kwa ada ya shule ya watoto. Wazee wa jumuiya ndogo wanaweza kuamua hilo kesho, bila kungoja barua ya mtu.

Sisi tulikwenda kwa mzee yule Dominika iliyofuata, tumelibeba daftari. Alitukaribisha kwa upole kuliko tulivyostahili. Jina la ubatizo hakuna, kwani babu yake hakubatizwa. Jina la nyumbani alilikumbuka, akalitamka mara mbili ili tuliandike sawasawa. Kisha akataja mengine manne, ya watu wa kijiji kile kile waliotoka siku moja na babu yake, ambao hawana tena mjukuu wa kuwasemea. Yote matano yameandikwa. Mwaka huu daftari litawekwa mlangoni tangu tarehe 15 Oktoba, na juu ya ukurasa wa vita tumeandika kwa herufi kubwa: ASKARI NA WAPAGAZI. Kijana wetu ndiye aliyechora herufi hizo.